Buli la Chai: Somo la Sayansi Kutoka Jikoni

UTANGULIZI

Boko ni kitongoji kilichopo kando ya barabara ya Bagamoyo, baina ya Tegeta na Bunju, zaidi ya kilomita 20 kaskazini ya kitovu cha jiji la Dar es Salaam. Upande wa mashariki iko Bahari ya Hindi, na si mbali na hapo kipo kilima cha Wazo, ambako mawe ya chokaa huchimbwa kwa ajili ya kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966. Alfajiri, katika nyumba nyingi za kitongoji hicho, kazi ya kwanza ya moto ni kuchemsha maji ya chai. Maji hutiwa katika birika, birika huwekwa jikoni, na yakishachemka humiminwa juu ya majani yaliyomo katika buli. Baada ya dakika chache chai huwa imeiva.

Jambo hili hufanyika kila siku, na kwa sababu hiyo ni wachache wanaolitazama kwa jicho la sayansi. Hata hivyo, ndani ya buli moja mwanafunzi anaweza kuona kuyeyuka kwa vitu, kupotea kwa joto, nguvu ya kanieneo ya hewa, ugumu wa maji, na hata sababu ya mito kupinda. Shule isiyo na maabara ya kutosha haikosi birika, bilauri na kijiko. Makala haya yanaeleza sayansi iliyomo katika majani ya chai na buli, pamoja na majaribio yanayoweza kufanywa darasani au nyumbani bila gharama kubwa. Mwishoni yanaeleza pia jambo moja linalohusu afya ya kina mama na watoto, ambalo halina budi kufahamika katika kila nyumba inywayo chai.

1. MCHAI NA MAJANI YAKE

Chai ya aina zote, iwe nyeusi au ya kijani, hutokana na mmea mmoja ambao wataalamu huuita Camellia sinensis. Aina zake kuu ni mbili: ile ya China yenye majani madogo, na ile ya Assam, India, yenye majani mapana. Katika nchi ambayo leo ni Tanzania, mchai ulipandwa kwa majaribio mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kwenye milima ya Usambara. Leo mashamba ya chai yapo Usambara, Mufindi, Njombe, Rungwe na Kagera, yaani penye baridi ya wastani, mvua ya kutosha na udongo wenye asidi. Boko haina sifa hizo. Udongo uliotokana na chokaa hauufai mchai hata kidogo, na kwa hiyo mkazi wa Boko huupata mchai ukiwa umekwisha kuwa majani makavu ndani ya pakiti.

Mchumaji hodari huchuma majani mawili machanga pamoja na chipukizi lake. Kiwandani majani hayo hupitia hatua tano. Kwanza hunyaushwa ili yapoteze sehemu ya maji yake na yawe laini. Pili hukunjwa au kusagwa ili chembe hai zake zipasuke. Tatu huachwa katika hewa mpaka yabadilike kutoka rangi ya kijani hadi rangi ya shaba. Nne hukaushwa kwa hewa ya moto mpaka unyevu wake ubaki karibu asilimia 3 tu. Tano huchekechwa na kutengwa kwa madaraja. Kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu.

Hatua ya tatu kwa desturi huitwa kuchachua, lakini jina hilo hupotosha. Togwa na tembo huchacha kwa kazi ya vijidudu. Majani ya chai hayachachi kwa njia hiyo. Chembe hai za jani zinapopasuka, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na viambato viitwavyo katekini, na kwa msaada wa oksijeni ya hewani viambato hivyo hugeuka kuwa theaflavini, zenye rangi ya manjano inayong'aa, na thearubijini, zenye rangi nyekundu ya kahawia. Badiliko la namna hiyohiyo huonekana katika biringanya lililokatwa na kuachwa mezani. Chai ya kijani haipiti katika hatua hiyo, kwa sababu majani yake hupashwa moto mapema ili kimeng'enya kife.

Yapo majani marefu yaliyosokotwa, na yapo yale madogo mithili ya chenga. Haya ya pili hutokana na mashine yenye rola za meno iliyobuniwa Assam na William McKercher mwanzoni mwa miaka ya 1930, ambayo hukata, hurarua na kukunja majani kwa pamoja. Chai nyingi ya Afrika Mashariki hutengenezwa kwa mashine za namna hiyo.

Kwa nini chenga hutoa rangi upesi kuliko majani marefu? Sababu ni eneo la uso. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una uso wa sentimita za mraba 6. Ukikatwa kuwa vipande 1,000 vya upande wa milimita 1, jumla ya uso wake huwa sentimita za mraba 60. Kiasi cha kitu ni kilekile, lakini maji hukutana na uso ulio mara kumi. Hivyo chenga hutosheka kwa dakika 2 au 3, ambapo majani marefu yaliyosokotwa huhitaji dakika 4 au 5 ili yafunguke na kutoa utamu wake wote.

2. RANGI, HARUFU NA UKAKASI

Watu wengi wa pwani huiita chai isiyo na maziwa chai ya mkandaa. Jina hilo lina sayansi ndani yake. Mkandaa ni mmojawapo wa miti ya mikoko, na gome lake hutoa rangi nyekundu ya kahawia iliyotumika kutia rangi na kulainisha ngozi. Kinachofanya kazi katika gome hilo ni tanini. Chai nayo ina viambato vya jamaa hiyo, na chai kali hufanana na maji ya mkandaa kwa rangi na kwa ukakasi.

Ukakasi si ladha kama utamu au uchachu. Tanini hushikana na protini zilizomo katika mate, mate hupoteza utelezi wake, na ulimi huhisi kukauka. Aliyewahi kutafuna bibo la korosho au ndizi mbichi anaijua hali hiyo. Maziwa hupunguza ukakasi wa chai kwa sababu protini yake hushikana na tanini kabla haijafika mdomoni.

Mbali na tanini, majani ya chai yana kafeini, ambayo huchangamsha mwili na huwa kati ya asilimia 2 na 4 ya uzito wa majani makavu. Yana pia mafuta mepesi yanayoleta harufu. Vitu hivi havitoki kwa kasi moja. Kafeini hutoka mapema, sehemu kubwa ya tanini hufuata kadiri muda unavyokwenda, na mafuta ya harufu hupaa pamoja na mvuke. Majani yakitokoswa kwa nusu saa katika sufuria iliyo wazi, chai huwa nyeusi na yenye ukakasi mwingi, na harufu yake huishia hewani. Buli lenye kifuniko huizuia harufu hiyo isipotee.

Kanuni hii hufaa pia kwa viungo. Tangawizi, ambayo ukali wake haupai kwa urahisi, huvumilia kuchemshwa na maji tangu mwanzo. Iliki, ambayo uzuri wake umo katika mafuta mepesi, yafaa itwangwe na kutiwa mwishoni, kisha chombo kifunikwe.

Jaribio la 1: Joto na kasi ya kuyeyuka

Vifaa: bilauri tatu zinazolingana, kijiko cha chai, majani, saa, karatasi nyeupe iliyochorwa alama ya msalaba.

Njia: Katika bilauri ya kwanza tia maji ya kawaida, katika ya pili maji ya uvuguvugu, na katika ya tatu maji yaliyotoka kuchemka. Tia kijiko kimoja cha majani katika kila bilauri kwa wakati mmoja. Weka bilauri juu ya alama ya msalaba na utazame kutoka juu. Andika ni baada ya dakika ngapi alama inafifia katika kila bilauri.

Maelezo: Molekuli za maji ya moto huenda kasi zaidi, huingia ndani ya jani na kutoka na vitu vilivyoyeyuka kwa haraka kuliko zile za maji baridi. Maji baridi nayo hutoa rangi, ila huhitaji saa nyingi.

Halijoto ya kuchemka hutegemea pia mwinuko. Boko, karibu na usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Mufindi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, kanieneo ya hewa ni ndogo na maji huchemka kwa takriban nyuzi 94. Kwa hiyo majani yaliyokuzwa katika baridi ya nyanda za juu huyakuta maji yenye joto kubwa zaidi huku pwani.

3. BULI NA SAYANSI YAKE

Birika ni chombo cha kuchemshia maji, na kwa kawaida hutengenezwa kwa madini yanayopitisha joto upesi, kama aluminiamu. Buli ni chombo cha kuivishia na kumiminia chai, nalo hutakiwa kulihifadhi joto lisipotee. Kazi zao ni kinyume, na ndiyo maana buli bora kwa kawaida ni la udongo au la kauri.

Wachina ndio waliotangulia katika ufundi huu. Mabuli madogo ya udongo mwekundu ya Yixing yana sifa tangu karne ya 16. Kauri nyeupe hufinyangwa kwa udongo uitwao kaolini, jina litokanalo na Gaoling, mahali palipo katika jimbo la Jiangxi. Huko Ulaya siri ya kauri hiyo ilikuja kujulikana mwanzoni mwa karne ya 18, na kiwanda cha Meissen nchini Ujerumani kilianzishwa mwaka 1710. Mwanafunzi wa Dar es Salaam hana haja ya kwenda mbali ili kuuona udongo wa namna hiyo, kwani vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, vina hazina kubwa ya kaolini.

Umbo. Buli nyingi ni za mviringo, na si kwa ajili ya urembo tu. Joto hupotelea usoni mwa chombo. Lita moja ya chai ndani ya tufe huwa na uso wa takriban sentimita za mraba 484, na ndani ya mchemraba huwa na uso wa sentimita za mraba 600. Hakuna umbo lenye uso mdogo kwa ujazo uleule kuliko tufe. Ndiyo sababu buli la mviringo hukawia kupoa.

Kupasha buli. Wapishi wa zamani hulisuuza buli kwa maji ya moto kabla ya kutia majani. Hesabu huonyesha faida yake. Chukua buli la kauri lenye gramu 600, likiwa na halijoto ya chumba ya nyuzi 28. Gramu moja ya kauri huhitaji takriban jouli 0.9 ili ipande nyuzi moja, na gramu moja ya maji huhitaji jouli 4.2. Ikimiminwa lita moja ya maji ya nyuzi 100, joto litolewalo na maji ni sawa na joto lipokelewalo na buli:

1,000 × 4.2 × (100 – t) = 600 × 0.9 × (t – 28)

Jawabu ni kwamba t ni karibu nyuzi 92. Maji yamepoteza nyuzi 8 kabla majani hayajaanza kuiva. Iwapo buli lilikwisha kupashwa hadi nyuzi 80, t huwa karibu nyuzi 98. Hesabu hii haikutia maanani joto linalopotelea hewani, lakini inatosha kuonyesha kwamba desturi ya wazee ilikuwa na msingi.

Tundu la kifuniko. Chai inapotoka, nafasi yake ndani ya buli haina budi kujazwa na hewa. Kama kifuniko kimekaza na hakina tundu, kanieneo ya hewa iliyomo ndani hupungua, na hewa ya nje husukuma chai irudi. Mwanafunzi anaweza kuziba tundu hilo kwa kidole wakati wa kumimina, ataona mtiririko ukipungua au kukatika.

Urefu wa mdomo. Kimiminika katika vyombo vilivyoungana hukaa katika usawa mmoja. Kwa hiyo ncha ya mdomo wa buli lazima ifike angalau usawa wa ukingo wa buli lenyewe. Mdomo ukiwa chini ya usawa huo, chai humwagika kabla buli halijajaa.

Kudondoka. Buli nyingi zina kasoro ya kuchuruzisha chai chini ya mdomo na kuchafua kitambaa cha meza. Mwaka 1956 mtaalamu Markus Reiner aliieleza kasoro hiyo kama swali la fizikia, na mwaka 1957 Joseph Keller alionyesha kuwa kanieneo ya kimiminika kinachopinda kwenye ukingo wa mdomo hushuka chini ya ile ya hewa, hivyo hewa hukisukuma kishikamane na mdomo. Kasoro huzidi chai inapomiminwa polepole. Dawa yake ni mdomo wenye ukingo mkali, kumimina kwa mkono usiosita, au kupaka siagi kidogo chini ya ukingo ili chai isishike.

Chupa ya chai, inayoonekana leo karibu kila nyumba, ni jamaa wa mbali wa buli. Ilitokana na chombo alichokibuni James Dewar mwaka 1892, chenye kuta mbili na nafasi isiyo na hewa katikati. Chupa hulihifadhi joto kuliko buli lolote, lakini yafaa chai ichujwe kabla ya kutiwa humo, maana majani yakibaki katika joto kwa saa nyingi yataendelea kutoa tanini.

4. MAJI YA BOKO

Chai ni maji kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa hiyo majani mazuri na buli zuri havitoshi kama maji hayafai.

Maji ya bomba ya upande huu wa jiji hutoka Mto Ruvu, katika mtambo wa Ruvu Chini uliojengwa mwaka 1976. Pamoja na hayo, zipo nyumba zitumiazo maji ya kisima na maji ya mvua. Maji yapitayo katika mawe ya chokaa huku yakiwa na kabonidioksaidi huyeyusha chokaa na kubeba kalsiamu haidrojeni kaboneti. Hayo ndiyo maji magumu. Yakichemshwa, badiliko hili hutokea:

Ca(HCO₃)₂ → CaCO₃ + H₂O + CO₂

Kalsiamu kaboneti iliyotokea haiyeyuki, nayo hujijenga ndani ya birika kama gamba jeupe. Gamba hilo halipitishi joto vizuri, na kwa hiyo birika lenye gamba nene hula mkaa zaidi. Huondolewa kwa kuchemshia humo maji yenye siki au ndimu, kisha kusuuza.

Katika kikombe, maji magumu huleta utando mwembamba unaoelea juu ya chai na kuacha duara la kahawia. Mwaka 1993 Michael Spiro na Deogratius Jaganyi walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya utando huo katika jarida la Nature. Walionyesha kuwa hutokea pale ambapo kalsiamu na haidrojeni kaboneti zimo katika maji, na vitu vya chai vikakutana na oksijeni juu ya uso wa kikombe. Katika maji yaliyotoneshwa utando hautokei.

Jaribio la 2: Kulinganisha maji

Vifaa: maji ya mvua, maji ya bomba, maji ya kisima, sabuni ya kipande, majani ya chai, ndimu, vikombe vyeupe.

Njia: (a) Tikisa kiasi kilekile cha sabuni katika kila aina ya maji na upime urefu wa povu. (b) Chemsha kila aina ya maji peke yake, uivishe chai kwa kipimo kimoja, uimimine katika vikombe na uiache kwa saa nzima. Tazama utando. (c) Rudia kwa kutia matone machache ya ndimu mara baada ya kumimina.

Maelezo: Maji yatoayo povu dogo ndiyo magumu zaidi, na ndiyo yanayotarajiwa kuleta utando mwingi. Ndimu huondoa haidrojeni kaboneti, na utando hupotea. Pia ndimu huifanya rangi ya chai ififie, kwa kuwa thearubijini hubadili rangi kufuatana na asidi. Chembe chache za magadi hufanya kinyume chake, chai ikawa nyeusi. Chai yenyewe basi ni kipimo cha asidi na besi.

Jambo moja lisisahauliwe. Kuchemsha huondoa sehemu ya ugumu wa maji na huua vijidudu vya kipindupindu, ugonjwa ambao si wa hadithi za kale tu, kwani ulizuka katika wilaya ya Kinondoni Agosti 2015. Lakini kuchemsha hakuondoi chumvi. Kisima kilichoingiliwa na maji ya bahari kitatoa chai ya chumvi, hata ichemshwe mara ngapi.

5. MAJANI KATIKA KIKOMBE NA KUPINDA KWA MITO

Anayekunywa chai ya majani yasiyochujwa ana nafasi ya kuona jambo lililomshughulisha Albert Einstein. Koroga chai kwa kijiko kwa mzunguko, kisha toa kijiko na usubiri. Majani yaliyozama hukusanyika katikati ya kitako cha kikombe. Mtu angetarajia yasukumwe ukingoni, kama mtu anavyosukumwa pembeni katika gari linalokata kona.

Einstein aliyaeleza haya mwaka 1926. Chai inapozunguka, uso wake huinuka ukingoni na kushuka katikati, na kwa sababu hiyo kanieneo huwa kubwa karibu na ukingo. Juu na katikati ya kina, kasi ya mzunguko hulingana na kanieneo hiyo. Lakini chai iliyogusa kitako hucheleweshwa na msuguano, haina kasi ya kutosha kuhimili, basi husukumwa kuelekea katikati. Hapo hupanda juu, huenda ukingoni na kushuka tena. Mkondo huo wa chini huyazoa majani, na kwa kuwa ni mazito hayawezi kupanda nao, hubaki katikati.

Einstein aliendelea kusema kuwa mto upindapo hufanya vivyo hivyo. Maji ya juu yenye kasi huelekea ukingo wa nje na kuumega, na maji ya chini hubeba mchanga hadi ukingo wa ndani na kuuacha hapo. Kadiri miaka inavyopita pindo huzidi kuwa kubwa. Mto Ruvu, uletao maji ya chai ya Boko, umejaa mapindo ya namna hiyo katika nyanda za chini kabla haujaingia baharini karibu na Bagamoyo. Mto Mpiji na Mto Msimbazi nayo ina mapindo. Anayetafuta kiwanja kando ya mto hana budi kuujua upande umegwao na upande unaoongezeka, na elimu hiyo anaweza kuipata katika kikombe.

6. CHAI NA MADINI YA CHUMA MWILINI

Jaribio la 3: Wino wa chai

Vifaa: misumari yenye kutu, siki, chai ya rangi iliyopoa.

Njia: Loweka misumari katika siki kwa siku moja au mbili. Chukua maji ya juu, utie matone machache katika chai. Mchanganyiko huu usinywewe.

Matokeo: Chai hugeuka kuwa nyeusi kama wino.

Maelezo: Chuma kilichoyeyuka kimeshikana na tanini. Kwa njia kama hiyo, kwa kutumia tanini za miti, watu wa zamani walitengeneza wino wa kuandikia.

Jambo hilo linaloonekana katika kikombe hutokea pia tumboni. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mchicha na nafaka, yakikutana na tanini ya chai, hushikwa nayo na mwili hushindwa kuyafyonza. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha vipimo vyao: watu waliokula mkate pamoja na maji walifyonza karibu asilimia 10 ya chuma kilichomo, na waliokula mkate pamoja na chai walifyonza karibu asilimia 3 tu.

Hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 58 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59, walikuwa na upungufu wa damu. Sababu zake ni nyingi, zikiwamo malaria, minyoo na lishe duni, na si haki kuitupia chai lawama yote. Lakini mtoto anyweshwaye chai ya rangi kila mlo, na mama mjamzito amezaye vidonge vya chuma kwa chai, hupoteza sehemu ya kile kidogo walichokipata.

Dawa yake haihitaji fedha. Chai inywewe saa moja au zaidi baada ya mlo. Vidonge vya chuma vimezwe kwa maji. Mlo wa maharage au mboga za majani ufuatwe na chungwa, pera au embe, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma. Watoto wadogo wapewe uji au maziwa badala ya chai.

7. KUIVISHA CHAI KWA KIPIMO

Mwaka 1980 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni ya kuandaa chai kwa ajili ya wataalamu waionjao: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, ndani ya chombo cha kauri chenye kifuniko, kwa dakika 6. Chai hiyo ni kali, kwa kuwa shabaha yake ni kulinganisha chai mbalimbali na si kuburudisha. Kwa matumizi ya nyumbani hatua hizi hutosha:

(i) Chemsha maji mapya, kiasi kinachohitajika tu, katika birika lililofunikwa.
(ii) Suuza buli kwa maji ya moto na uyamwage.
(iii) Tia kijiko kimoja cha chai cha majani kwa kila kikombe.
(iv) Mimina maji mara yachemkapo, ufunike.
(v) Subiri dakika 3 kwa chenga, dakika 5 kwa majani marefu.
(vi) Mimina kwa chujio. Chai itakayobaki ichujwe yote, isiachwe juu ya majani.

Atakayezifuata hatua hizi atapata chai yenye rangi angavu, harufu kamili na ukakasi wa wastani, na atatumia mkaa mchache kuliko atokosaye majani kwa muda mrefu.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya kuchacha kwa togwa na badiliko la rangi ya majani ya chai kiwandani.

2. Birika la aluminiamu lenye gramu 250 lina halijoto ya nyuzi 28. Likitiwa lita moja ya maji ya nyuzi 100, halijoto itakuwa ngapi? Gramu moja ya aluminiamu huhitaji jouli 0.9 kwa kila nyuzi. Kwa nini, ijapokuwa jawabu hilo ni kubwa kuliko la buli la kauri, chai katika chombo hicho hupoa upesi baadaye?

3. Mfanyabiashara anauza buli lisilo na tundu katika kifuniko na lenye mdomo mfupi. Taja kasoro mbili zitakazoonekana na ueleze sababu ya kila moja.

4. Chora kikombe kilichokatwa upande, uonyeshe kwa mishale mkondo wa chai baada ya kukorogwa. Kisha chora pindo la mto na uonyeshe upande umegwao.

5. Kusanya maji kutoka nyumba tano za mtaani kwako, uandike chanzo cha kila moja. Yapange kwa ugumu kwa kutumia povu la sabuni, kisha kwa utando wa chai. Je, mipango hiyo miwili inalingana?

6. Tayarisha maelezo mafupi ya kuwasomea wazazi kuhusu wakati unaofaa kunywa chai, ukitumia matokeo ya Jaribio la 3.